Kopo Halijengi Msuli Peke Yake

Vijana wa Kibokoni, tuambiane ukweli. Ukikimbia Mama Ngina mpaka miguu igome, yale maumivu ya kesho yake si ugonjwa. Msuli umechanika kidogo kidogo, unavimba, mwili unautengeneza. Hukolea baina ya saa 24 na 72, kisha yapoa yenyewe.

Sasa kopo la BCAA la maelfu ya shilingi la nini? Ndani mna asidi amino 3 tu. Kujenga msuli kwataka zote 9 zinazotoka kwenye chakula. Samaki anazo, mayai yanazo. Mbaazi na wali hukamilishana. Kopo laweza kupunguza maumivu kidogo, sikatai. Lakini kulala njaa ili ununue unga? Hapo tunapigwa, jamani. Kula, lala, upone.