Kisanduku Chenye Nyota Nyekundu

Sisi tuliojifunza kompyuta ukubwani tuna neno na waajiri. Tumo wengi: wauza mitumba wa soko la Karume, makondakta, walinzi wa usiku, hata walimu wa shule binafsi waliochoka kusubiri mshahara. Python na JavaScript tumezisomea usiku wa manane, kwenye laptopu za mtumba zenye betri zilizokwisha kufa, kwa hiyo umeme ukikatika na somo limekatika. Masomo yenyewe ni bure. Tovuti ya freeCodeCamp haimdai mtu ada wala cheti cha kidato cha sita. Bando ndilo linalodai.

Haya, tukaombe kazi. Tangazo linasema ni nafasi ya anayeanza, chini yake: shahada ya sayansi ya kompyuta na uzoefu wa miaka mitatu. Anayeanza autoe wapi uzoefu? Fomu ya maombi nayo haisogei mpaka upakie cheti cha chuo kikuu kwenye kisanduku chenye nyota nyekundu. Na fomu yenyewe mbovu! Ukianza namba yako ya simu na +255 inakwambia umekosea. Kasoro hiyo yeyote kati yetu angeirekebisha chai ikiwa bado ya moto.

Tukilalamika tunatajiwa Bill Gates. Jamani, yule aliacha Harvard, maana yake aliingia! Na shuleni kwao Seattle alianza kuchezea kompyuta mwaka 1968. Wengine wetu kibodi tulichorewa ubaoni.

Wauza kozi ndio usiseme: wiki nane, cheti chenye muhuri wa dhahabu, "ajira ya uhakika". Chenye uhakika hapo ni ada.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba njia ipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, humpima mwashi au seremala aliyejifunzia mtaani, akifaulu anapewa cheti, na hakuna anayemuuliza digrii. Huko Marekani, jimbo la Maryland liliondoa sharti la digrii kwenye maelfu ya kazi za serikali mwaka 2022, za kompyuta zikiwemo. Fundi wa programu ana kosa gani asipimwe naye?

Hatuombi kupendelewa. Wekeni mtihani, tukae chumba kimoja na wenye digrii zao, na atakayefeli miongoni mwetu arudi Karume kuuza mitumba.