Ahadi ya Maputo ni Deni

Ahadi ni deni. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Itifaki ya Haki za Wanawake katika Afrika, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mjini Maputo mwaka 2003. Kifungu cha 14 cha Itifaki hiyo chazitaka serikali kuruhusu mimba itolewe kwa njia za kitabibu pale mwanamke alipobakwa, alipotiwa mimba na ndugu wa damu, ama pale mimba inapohatarisha afya ya mwili au ya akili yake, uhai wake, au uhai wa mtoto aliye tumboni. Hiyo ndiyo ahadi tuliyoitoa mbele ya Afrika nzima. Mpaka leo Bunge letu halijatunga sheria ya kuitimiza.

Sheria inayotawala jambo hili Tanzania Bara ni Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kutoka kwa Mwingereza. Kifungu cha 150 chaweka kifungo cha miaka 14 kwa mtu amtoaye mwanamke mimba kinyume cha sheria, na cha 151 chamwekea mwanamke mwenyewe miaka 7. Kifungu cha 230 humkinga afanyaye upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Lakini hakielezi ni nani aamue, wala wapi, wala juu ya msichana aliyebakwa hakisemi neno. Mwingereza mwenyewe aliilegeza sheria yake mwaka 1967. Sisi tuliojitawala tangu mwaka 1961 twaitunza ya kwake kana kwamba tuliachiwa na babu zetu.

Na ni nani aumiaye? Mke wa tajiri hupata daktari wa siri, ama hupanda ndege. Mfanyakazi wa kiwandani, mtumishi wa nyumbani na binti wa mkulima huishia kwa mganga wa vichochoroni, na wanapotokwa na damu huogopa kwenda hospitali wasije wakakabidhiwa kwa polisi. Uchunguzi mmoja ulikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini, na kwamba wanawake karibu 100,000 waliopata madhara hawakutibiwa kabisa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza usawa wa binadamu wote. Sheria imwadhibuyo maskini peke yake yapingana na Azimio hilo.

Wako ndugu zetu, wengi wao watu wa dini, waionao kila hatua ya namna hii kuwa ni kibali cha kuua. Sisi tuliosoma katika shule za misheni twaufahamu uzito wa neno lao, nasi hatulidharau. Lakini twawauliza: katika miaka yote hii ya vitisho vya jela, ni mimba ngapi zilizookolewa, na ni akina mama wangapi waliozikwa? Atakaye mimba zitolewazo zipungue, na asimame pamoja nasi kudai uzazi wa mpango ufike katika kila zahanati, na vijana wafundishwe ukweli juu ya miili yao. Wala sheria tuitakayo haitamlazimisha mwanamke yeyote kutenda kinyume cha imani yake.

Tena sheria hiyo hatuna budi kuitunga kwa akili. Zambia ilitunga ya kwake mwaka 1972, lakini ikataka madaktari watatu watoe idhini, isipokuwa kwa dharura. Mwanamke wa kijijini atawapata wapi madaktari watatu? Rwanda mwaka 2012 iliruhusu jambo hili kwa waliobakwa, ila kwa amri ya mahakama. Mimba haimngojei hakimu, na mwaka 2018 sharti hilo likaondolewa. Ethiopia, katika sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005, ilikubali kwamba kauli ya mwanamke aliyebakwa yatosha. Hayo ni mafunzo ya majirani, nasi hatukulipia ada.

Kwa hiyo twaitaka Serikali ipeleke Bungeni muswada utakaotaja waziwazi hali zote zilizomo katika Itifaki. Utakaomruhusu tabibu na mkunga aliyefunzwa kutoa huduma hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu na wananchi. Na utakaoagiza kwamba mwanamke afikaye hospitali na mimba iliyoharibika atibiwe kwanza, bila kuhojiwa kama mhalifu. Twawataka wanachama walijadili jambo hili matawini, na wafanyakazi walijadili katika vyama vyao, wanaume wakiwemo, maana hakuna mwanamke ajipaye mimba mwenyewe. Kisha kila mmoja amwulize mbunge wake atapiga kura upande gani siku muswada huo utakapofika.