Hospitali ya watoto isiishie mjini

Msomaji, ukipanda matatu pale Njoro kuelekea Mau Narok utahisi baridi ikizidi kila kona. Mashamba ya ngano na viazi ya huko yako zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai mlango hufungwa, jiko la makaa huingizwa ndani, na mtoto mchanga hulala katika moshi. Sisi madaktari wa upande huu hatushangai tunapoletewa nimonia.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinijia na mtoto wa miezi saba mgongoni. Kwingine alikopitia alikuwa amepewa dawa ya kikohozi na kuambiwa arudi nyumbani. Nilipomfunua mtoto kifua, niliona nyama ya chini ya mbavu ikizama ndani kila alipovuta pumzi. Alihitaji oksijeni saa ile ile, nami sikuwa nayo. Tulitafuta gari la kumkimbiza Nakuru. Alipona, lakini alipona kwa bahati, na bahati si tiba.

Nchi yetu ina hospitali za watoto za kujivunia. Ile ya Gertrude's, huko Muthaiga, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1947 na mlowezi Ewart Grogan kwa kumbukumbu ya mkewe, Gertrude. Grogan huyo ndiye aliyefungwa mwaka 1907 kwa kuwachapa Waafrika viboko hadharani mjini Nairobi, na enzi hizo matibabu yaligawanywa kwa rangi ya ngozi. Hata hivyo mbegu aliyoipanda imekua, na leo kliniki zake zimeenea sehemu kadhaa. Eldoret nako, mwaka 2015, ilifunguliwa hospitali ya umma ya watoto ya Shoe4Africa, ndani ya Hospitali ya Rufaa ya Moi. Ilitokana na juhudi za mwanariadha Toby Tanser, ambaye shirika lake lilianza kwa kugawa viatu.

Mwanzo wa hospitali hizo ulikuwa mdogo: mmoja alianza na majonzi ya mke, mwingine na jozi za viatu. Basi tusidhani kwamba lazima tungojee ghorofa.

Kinachoifanya hospitali kuwa ya watoto si kuta wala picha za wanyama ukutani. Ni wauguzi wanaojua kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo: dawa yake hupimwa kwa uzito wake, sindano yake ni nyembamba, na hali yake hubadilika kwa dakika. Hayo yote yanaweza kuwekwa katika chumba kimoja cha kituo cha afya, pamoja na vitanda vitatu, mtambo wa kutengeneza oksijeni, kifaa cha kuipima kidoleni na umeme wa akiba.

Wako watakaosema kwamba Nakuru kuna jengo la akina mama na watoto lenye jina la Margaret Kenyatta, na kwamba hilo latosha. Ni jengo zuri, na wagonjwa mahututi wapelekwe huko. Lakini mtoto lazima kwanza afike akiwa hai.

Wewe unayesoma haya mjini una shangazi au ndugu huko juu. Mwambie jiko litolewe nje kabla ya kulala, na watoto wamalize chanjo, ikiwemo ile ya nimokoki iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011. Mfundishe kuhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni hatari. Akikataa kunyonya, akipata degedege au kifua kikizama, asingoje asubuhi.

Tangu mwaka 2013 afya imo mikononi mwa serikali za kaunti, na sheria inataka wananchi washirikishwe katika bajeti. Wakiita mkutano huo, nenda. Usiombe hospitali kubwa. Omba chumba kile kimoja, na uulize kitakuwa tayari lini.