Mtumishi wa Same na mfumo wa NeST
Mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya kielektroniki, NeST, ulianza kutumika Tanzania Julai 2023 ukichukua nafasi ya mfumo uliotangulia, TANePS. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo imeufanya kuwa wa lazima, lakini moyo wa kuutumia hautokani na sheria peke yake. Mtafiti Fred Davis alionyesha mwaka 1989 kwamba mtu huipokea teknolojia akiiona ina manufaa na ni rahisi kuitumia. Kwa mtumishi wa umma wilayani Same, manufaa ni zabuni kuwa wazi na kumbukumbu kubaki. Urahisi hutegemea umeme, mtandao na mafunzo, kuanzia mjini Same hadi shule na zahanati za milimani, Chome na Suji. Mafunzo ya vitendo, yakirudiwa, hugeuza hofu kuwa uzoefu.