KONA YA WAZAZI: Macho kwenye mizani

Mwezi huu tunaanza na kosa letu wenyewe. Siku ya mgao tulikuwa mbele ya mizani, mtoto wetu wa miaka 4 ameshika kitenge. Sisi ni wazoefu wa mgao: kopo likiwa pungufu kidogo tunalijua kabla halijamwagwa. Siku ile tulilinasa, tukasema, tukaongezewa maharage. Kugeuka, mtoto hayupo! Jirani akatuambia alipita mbele yetu kabisa, akielekea barabara ya malori. Ati hamkumwona? Hatukumwona. Binti mmoja aliyekaa tu na ndoo yake ndiye alimrudisha.

Tuliona aibu. Wazazi wazima, tumelea saba!

Kumbe hata madaktari yanawapata. Mwaka 2013 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha jaribio lao. Madaktari 24 waliobobea kusoma picha za mapafu walipewa kazi ya kutafuta vinundu vidogo, vile vinavyoweza kuwa kansa. Ndani ya picha watafiti wakachomeka gorila, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. (Sisi tuliotoka Kivu tungesema gorila hajifichi!) Madaktari 20 hawakumwona. Mashine iliyofuata mwendo wa macho yao ilionyesha kwamba 12 kati ya hao 20 walimtazama palepale alipokuwa. Jicho lilifika, akili ilikuwa kwenye vinundu.

Msiseme ni madaktari wabaya. Watu wasiosomea kazi hiyo walipopewa picha zilezile, hakuna hata mmoja aliyemwona gorila, na vinundu walivyopata vilikuwa vichache sana kuliko vya madaktari. Ujuzi unasaidia kweli, lakini kwa kile unachokitafuta. Kisichotazamiwa kinapita.

Basi tumeacha kumkaripia mama mwenzetu, "ulikuwa unaangalia wapi?" Alikuwa anaangalia. Tumepatana na majirani kwamba mtoto mdogo haendi kwenye mizani. Anabaki na mtu mzima mmoja ambaye siku hiyo hana foleni, hana kadi, hana simu mkononi. Kumwachia dada yake wa miaka 8 anayeosha vyombo, hapo bado hamjamwachia mtu.

Mgao ujao zamu ni yetu. Tutakaa na watoto watano chini ya mwembe, mikono mitupu, na maharage yetu atayasimamia jirani.