Mchakamchaka na Baridi ya Njombe

Ni jambo la kutia moyo kuwaona wananchi wa Njombe, wake kwa waume, wakitoka alfajiri kukimbia kwa hiari yao, bila kusukumwa na mtu. Lakini kati ya Juni na Agosti ukungu huifunika barabara kuu ya Makambako hadi Songea, na dereva wa lori hawezi kumwona mkimbiaji aliyevaa nguo nyeusi. Tunawasihi wangoje jua lichomoze. Asiyeweza kungoja avae meupe na kukimbia upande wa kulia, akitazamana na magari yajayo.

Mwili uliotoka kwenye blanketi hautaki pupa. Mtu na atembee dakika kumi kwanza, misuli ipate moto. Akimaliza, avue upesi nguo iliyoloa jasho.

Linalotusikitisha zaidi ni desturi ya kukichua kwa nguvu kifundo kilichoteguka siku ile ile. Kufanya hivyo huzidisha uvimbe. Huduma ya kwanza ni kupumzika, kuuinua mguu na kuukanda kwa kitambaa cha maji baridi, ambayo hapa kwetu, alhamdulillahi, hayakosekani. Asiyeweza kabisa kuukanyagia aende hospitali.

Wako wanaotujibu kwamba John Stephen Akhwari aliumia goti huko Mexico mwaka 1968, na bado akaimaliza marathoni. Ni kweli, na heshima yake haina mfano. Lakini yeye aliliwakilisha Taifa mbele ya ulimwengu. Karani anayekimbia kwa ajili ya afya yake hana mzigo huo. Akianza kuchechemea, na arudi nyumbani.