Usinunue amplifaya kwa wati zilizoandikwa kwenye boksi

Leo naongea na nyie mnaokodisha mziki kwenye harusi, sendofu na mikutano, pamoja na wenye vibaa ambao mnajichanga mnunue mashine ya kwanza.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu hatutaelewana: amplifaya nzito ya mtumba yenye transfoma la maana itakulisha kuliko mpya yenye taa za rangi iliyoandikwa wati 5000.

Nayasema haya kwa uchungu. Nilianza na mkopo wa kikoba, nikaingia Kariakoo, nikatoka na mashine inayong'aa balaa. Niliibeba kwa mkono mmoja mpaka kituo cha daladala. Hapo tu ningeshtuka! Harusi ya kwanza, MC anaongea, sauti safi kabisa. Bibi harusi anaingia, napandisha mziki, kila besi ikigonga sauti ya mwimbaji inazama halafu inakwaruza. Saa nne usiku twita mbili zimekufa. Baba wa bibi harusi alinilipa nusu na sikuwa na mdomo wa kumdai iliyobaki. Marejesho ya kikoba mwezi ule yalitoka kwenye hela ya kodi ya nyumba.

Fundi alipoifungua, transfoma lilikuwa kama ngumi ya mtoto. Akacheka, akaniambia hizo wati 5000 kaziandika mchora boksi.

Sasa elewa kitu kimoja. Huo mziki mnene tunaoutafuta, ule wa kujaa ukumbi bila kuumiza masikio, unatokana na akiba ya umeme. Besi ikigonga, mashine inahitaji umeme mwingi kwa mara moja. Transfoma kubwa na kapasita kubwa ndiyo tangi lake. Tangi likiwa dogo, umeme unashuka kila besi ikipiga, na sauti za juu zinashuka nayo. Ukilazimisha volyumu, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na hayo mawimbi yaliyokatwa ndiyo yanaunguza twita. Watu wanadhani twita inauliwa na mashine kubwa tu. Mara nyingi muuaji ni mashine ndogo iliyolazimishwa.

Wati za kuangalia ni zile zilizoandikwa RMS, yaani za kutoka mfululizo. PMPO ni za kufumba na kufumbua, wengine wanajiandikia tu. Muuzaji akikosa jibu, geuza mashine uangalie fyuzi nyuma. Fyuzi ya ampea 3 kwa umeme wetu wa volti 230 ni wati 690. Mashine inayoingiza wati 690 itatoaje 5000 mfululizo? Tena zile za transista za aina ya AB, ambazo ndizo nazozipenda, ukizisukuma karibu nusu ya umeme inaishia kuwa joto. Ndiyo maana zina mabapa mazito ya alumini ya kupozea. Ukiona mabapa membamba kama sahani ya chai, achana nayo.

Kuna watakaosema siku hizi mashine za aina ya D ni nyepesi na zinapiga vizuri. Kweli, nzuri zipo, na hazipotezi umeme mwingi, ukitumia jenereta utaziona faida zake. Ila ikifa Jumamosi mchana una harusi jioni, fundi wako wa mtaani ataifungua aiangalie tu. Hii ya AB anaijua. Transista zenyewe, zile 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, zimejaa madukani. Angalizo: feki nazo zimejaa, kwa hiyo fundi ndiye akanunue, na awe anaaminika.

Siku ya kununua, beba spika zako mwenyewe. Ukijaribia spika za dukani umesikiliza spika za dukani. Washa mashine kwanza bila wimbo: zile zenye kinga utasikia "tak" ndani baada ya sekunde chache, hapo ndipo spika zinaunganishwa. Ikipiga "bum" kwenye spika papo hapo, ujue hakuna kinachozilinda. Pandisha volyumu bila wimbo, sogeza sikio; ikinguruma sana, iache. Kisha weka wimbo wenye besi nzito na sauti ya mwanamke, peleka robo tatu ya volyumu, na usisikilize besi. Msikilize yule mwanamke. Akiyumba kila besi ikigonga, rudisha. Kaa nayo nusu saa, muuzaji akinuna anune.

Halafu kuna hesabu ya omu. Spika mbili za omu 8 ukizifunga sambamba kwenye chaneli moja zinakuwa omu 4, nne zinakuwa omu 2. Mashine imeandikwa mwisho omu 4, wewe unairundikia spika nne kila upande ili mtaa usikie, unaipika.

Na kama hela ni ndogo, mimi ningeanza na spika. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, mteja hata hashtuki. Lakini spika ya desibeli 97 dhidi ya ile ya 91, kwa wati ileile moja, ni sawa na kuongeza wati mara nne bila kununua amplifaya nyingine. Namba hiyo huwa nyuma ya spika au kwenye karatasi yake.

Mashine yangu ya sasa ni mtumba, imekwaruzika, tunaibeba watu wawili. Kijana wangu analalamika mgongo kila wikiendi. Twita sijabadilisha tangu niinunue.